Kulipa, kurudisha, kurejesha, kufidia, kukomboa: neno lipi litumike wapi

"Nirudishe pesa zangu." Ujumbe kama huu hutumwa kila siku na anayeusoma huelewa. Lakini alichoandika mtu huyu si alichokusudia. Nirudishe maana yake ni nipeleke nilikotoka. Alitaka kusema nirudishie. Katika simu kosa hilo halina madhara. Katika barua ya madai, mkataba wa mkopo au tafsiri ya hukumu, silabi moja kama hiyo huweza kubadilisha nani anamdai nani.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza kwamba kilichotoka kimerudi, au kwamba kilichopotea kimepatiwa thamani yake. Kamusi mara nyingi huvieleza kwa kupokezana: kwenye rejesha utakutana na rudisha, kwenye fidia utakutana na lipa. Mwandishi akifuata njia hiyo huishia kudhani vyote ni kimoja, achague tu kinachosikika vizuri. Si kimoja. Kabla ya kuchagua, uliza: kilichotoka mkononi kiko wapi sasa? Kama kipo vilevile na aliye nacho ndiye anayekitoa, hurudishwa. Kama kimeshatumika na kinachokuja ni thamani yake, hulipwa. Kama kipo lakini kimeshikiliwa mpaka utoe kitu, hukombolewa. Na kama hakipo tena wala hakitarudi, hufidiwa.

Cha kuazima na cha kukopa

Mpaka wa kurudisha na kulipa unaonekana vizuri kwa jirani. Ukiazima panga, unalirudisha panga lilelile, na likivunjika mpini mwenyewe ataona. Ukikopa kilo mbili za unga, unga huo umeshaliwa. Utakaopeleka ni unga mwingine, kwa hiyo unalipa. Ndiyo maana tunasema "dawa ya deni kulipa" na "kukopa harusi, kulipa matanga", wala hakuna anayesema kurudisha matanga. Anayesema "naomba nikukope baiskeli yako" amechanganya mambo mawili, na mwenye baiskeli ana haki ya kuuliza kama ataiona tena.

Pesa ndizo zinazotatiza, kwa sababu noti uliyopewa si ile utakayotoa, na bado watu husema "nirudishie pesa yangu". Hawakosei. Wanasema jambo tofauti na "nilipe". Chukua mfano wa fundi aliyetanguliziwa shilingi 80,000 za kabati na miezi miwili imepita bila kabati. Ukimwambia "nirudishie 80,000", umesema mapatano yamevunjika na pesa hiyo haikuwahi kuwa yake. Ukimwambia "nilipe 80,000", umeigeuza kuwa deni la kawaida, naye anaweza kuomba muda kama mdaiwa yeyote. Ukimwambia "nifidie", unadai kitu cha tatu: usumbufu na hasara ya kuchelewa, mbali na ile 80,000. Barua ya madai iliyoandikwa vizuri hutenganisha mambo hayo: arudishe malipo ya awali, na afidie hasara kiasi fulani, kila kimoja na hesabu yake. Barua inayoandika "unilipe pesa zangu zote na usumbufu" humpa mwenzako nafasi ya kubishania jumla nzima.

Chenji vilevile hurudishwa, hailipwi. Na pesa iliyotumwa kwa namba isiyo yake hurudishwa, kwa sababu aliyeipokea hakukopa.

Viambishi ndivyo vinavyoharibu zaidi

Kulipa hubeba mtu na kiasi bila msaada wowote: "nilipe laki moja", "amewalipa vibarua". Ukiongeza -i- unapata kulipia, na hapo maana inagawanyika. Kwanza ni kutoa pesa kwa ajili ya kitu: analipia umeme, amelipia kiwanja. Pili ni kutoa pesa kwa niaba ya mtu: "nilipie nauli". Kwa hiyo:

Nilipe: nipe ninachokudai.
Nilipie: toa wewe, mimi sina.
Nilipishe: nitoze.

Mtu anayemdai mwenzake akiandika "naomba unilipie ile elfu hamsini" amejigeuza mwombaji. Kosa jingine la kila siku ni "nimelipa nyumba" pale mtu anapokusudia kodi ya pango. Nyumba hulipiwa, kodi hulipwa. Kulipiza kumeondoka kabisa kwenye fedha, kumebaki kwenye kisasi, kwa hiyo usikitumie kwenye hati ya malipo hata kama kinasikika kama kulipa kwa mkazo.

Kurudisha hakuwezi kubeba mtu na kitu kwa pamoja. Chagua: "rudisha jembe kwa mwenyewe" au "mrudishie mwenyewe jembe". "Mrudishe jembe" haisimami. Kurejesha hufuata kanuni hiyohiyo: kurejesha mkopo benki, au kuirejeshea benki mkopo wake.

Kurudisha au kurejesha?

Hapa maana inakaribiana mno, kinachotofautiana ni mazingira. Kurudisha ni neno la nyumbani na sokoni. Kurejesha, lenye asili ya Kiarabu sawa na rejea, limevaa nguo za ofisini. Umeme ukikatika usiku, mtaani watasema "umeme umerudi". Tangazo litasema "huduma imerejeshwa". Yote mawili ni sahihi, ila ukiyapishanisha, tangazo linasikika kama soga na soga inasikika kama tangazo.

Kuna mahali ambapo rejesha limeshinda kabisa. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, rejesho ni kiasi anacholeta mkopaji kila kipindi, asili ya mkopo pamoja na riba. Aliyekopa 300,000 kwa riba ya asilimia 10 na kupewa miezi mitatu, rejesho lake ni 110,000 kwa mwezi. Mweka hazina hataandika "malipo ya mwezi", kwa sababu kwenye daftari lake malipo ni pesa inayotoka na marejesho ni pesa inayoingia. Tanzania husema hivyohivyo kuhusu mikopo ya elimu ya juu: mnufaika hurejesha mkopo, na mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Ukiandika kwamba mnufaika "anafidia mkopo" umekosea neno na umekosea sheria.

Rejesha pia ndilo linalofaa kwa mambo yasiyoshikika: amani, nidhamu, imani, hadhi. "Kurudisha imani" linatumika, lakini rudisha lina mizigo ya kuchungwa. Mwanasiasa akirudisha kadi, amehama chama. Mzazi akimrudi mtoto, amemwadabisha. Nguo ikirudi, imepungua baada ya kufuliwa. Mlango ukirudishiwa, umesogezwa bila kufungwa. Kila maana inaeleweka mahali pake, ila katika sentensi iliyojaa, msomaji anaweza kujikwaa. Rejesha halina vishawishi hivyo.

Watafsiri wa mambo ya kodi waangalie mtego mmoja. Fomu ambayo mlipakodi hupeleka kueleza mapato yake ni ritani, na huwasilishwa. Kodi iliyozidi ambayo mamlaka humrudishia mlipakodi ndiyo marejesho. Wapo wanaoita vyote viwili marejesho, matokeo yake mfanyabiashara anasoma kwamba tarehe ya mwisho ya marejesho ni siku fulani, anakaa akisubiri kulipwa, kumbe yeye ndiye alitakiwa kupeleka.

Kufidia: kisichorudi

Hili ndilo neno linalotumiwa vibaya kuliko yote, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kufidia ni kutoa kitu badala ya kingine ambacho hakiwezi kurudi kilivyokuwa. Mguu uliokatika kazini haurudishwi. Mwembe uliong'olewa ili barabara ipite haulipwi kwa mwembe mwingine wa umri uleule. Ndiyo sababu sheria za kazi huzungumzia fidia kwa wafanyakazi, na sheria za ardhi fidia kwa waliohamishwa.

Ardhi inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo mtu huona kwamba fidia si bei. Tanzania, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Ndani ya fidia hiyo mthamini huweka thamani ya ardhi na maendeleo yaliyofanyika juu yake: nyumba, miti, mazao. Lakini haishii hapo. Huongeza posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokokotolewa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya mwezi mara 36. Aliyekuwa na biashara huongezewa faida aliyopoteza. Malipo yakichelewa, riba huongezeka. Hakuna muuza kiwanja wa kawaida anayelipwa posho ya usumbufu, maana yeye ameuza kwa hiari. Kwa hiyo gazeti likiandika "wananchi wamelipwa viwanja vyao", limeondoa katika habari jambo la msingi kabisa, kwamba hawakuuza. Andika "wamefidiwa" au "wamelipwa fidia".

Na kati ya hayo mawili? Kufidia hubeba mtu aliyepoteza (kuwafidia wakulima) au hasara yenyewe (kufidia hasara), hata vyote viwili: kumfidia mkulima miti yake. Hakubebi kiasi cha fedha. "Serikali imefidia shilingi milioni 40" inamfanya msomaji adhani milioni 40 ndizo zilizopotea. Ukitaka kutaja kiasi, sema "imelipa fidia ya shilingi milioni 40". Kanuni hii ndogo ingesafisha nusu ya vichwa vya habari kuhusu migogoro ya ardhi.

Waliotunza tofauti hizi vizuri kuliko wanahabari na wanasheria ni watu wa dini. Sikiliza maelezo ya saumu katika mwambao, ambako madhehebu ya Shafi ndiyo yaliyoenea. Msafiri au mgonjwa anayetarajiwa kupona hulipa siku alizokula, siku kwa siku, baada ya Ramadhani. Mzee ambaye hataweza kufunga tena halipi. Anatoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Mwezi ukiwa wa siku 30 ni vibaba 30, ambavyo ni pishi saba na nusu, kwa kuwa pishi moja ni vibaba vinne. Aliyechelewesha kulipa bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, analipa na kutoa fidia pia. Na aliyevunja funga kwa tendo la ndoa mchana, pamoja na kulipa ana kafara, ambayo kwa asiye na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo, na akishindwa ni kulisha maskini 60.

Tazama maneno yalivyogawana kazi. Kulipa ni kutoa cha jinsi ileile: siku kwa siku. Fidia ni kutoa cha jinsi nyingine kwa sababu cha jinsi ileile hakiwezekani: chakula mahali pa siku. Kafara ni kutoa kwa ajili ya kosa, si kwa ajili ya upungufu. Bibi yako akikuambia "nadaiwa siku sita", atazilipa. Akikuambia "natoa fidia", usimuulize atafunga lini. Mwanasheria anayetafuta Kiswahili cha kutenganisha kurejeshewa mali, kufidiwa na kutozwa faini angeweza kuanzia hapo, wala hahitaji kubuni istilahi.

Kukomboa, na ndugu yake kugomboa

Kinachokombolewa bado kipo. Kimo mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo ana nguvu juu yake. Anayekomboa hutoa kitu ili nguvu hiyo iishe. Saa iliyowekwa rehani hukombolewa. Shamba la mikarafuu lililouzwa kwa bei ya khiyari, yaani kwa sharti kwamba muuzaji akileta fedha katika muda uliopangwa atalichukua tena, hukombolewa. Mateka hukombolewa. Nchi iliyotawaliwa hukombolewa, na hapo malipo huwa ni damu.

Kwa hiyo mwenye kukomboa ni yule aliyepoteza, au anayemtetea. Mwenye kurudisha ni yule aliyeshikilia. Ukisema "mkopeshaji alilikomboa shamba" umempa mtu asiyehusika sifa ya mwingine. Mkopeshaji alilirudisha, mwenye shamba ndiye aliyelikomboa.

Fidia na komboa hukutana katika maana ya kale ya fidia, yaani kile kinachotolewa ili mtu aachiwe. Ndiyo maana yake katika Mathayo 20:28, panaposemwa Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Fidia ni kile kinachotolewa, kukomboa ni tendo. Msomaji wa leo ambaye fidia kwake ni hundi ya barabara hupata shida kidogo na mstari huo, na mhubiri makini hulieleza.

Historia ya pwani inayo picha moja ambamo vitenzi hivi vinasimama vikitazamana. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wakitoa fedha kuwakomboa watoto waliokuwa watumwa. Mwaka 1897 amri ya Zanzibar iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, na mtumwa aliyeomba uhuru wake mahakamani aliachwa huru. Nani alifidiwa? Bwana wake. Serikali ililipa fidia kwa wenye watumwa. Aliyepotezewa miaka ya maisha yake hakufidiwa. Anayeandika kwamba "watumwa walifidiwa uhuru" amefuta tofauti ambayo hati zenyewe ziliiweka wazi, na ni tofauti inayostahili kubaki wazi.

Kugomboa ni neno lilelile kwa sauti nyingine, lakini Tanzania limepata kazi yake: bandarini. Gari au kontena hugombolewa kwa kulipia ushuru wa forodha, kodi na tozo za kuhifadhi mzigo, kisha linatoka. Ukisema "kukomboa gari bandarini" utaeleweka, ila watu wa forodha watajua wewe ni mgeni wa mambo yao. Kenya nako kuna matumizi ya mitaani ya kukomboa nyumba kwa maana ya kupanga. Mtanzania akisikia hivyo atadhani nyumba ilikuwa rehani. Anayeandikia wasomaji wa nchi zote mbili, bora atumie kupanga.

Okoa na opoa

Kuokoa huja kabla hasara haijakamilika. Nyumba inaungua, vitu vinaokolewa. Ikishaungua, hakuna cha kuokoa, kuna cha kufidia. Salio la dharura la simu linaloitwa Okoa Jahazi nchini Kenya limepata jina sahihi kabisa: jahazi bado linaelea, ila linaingiza maji. Jina hilo halifichi kwamba ni mkopo, maana salio hilo hulipwa pamoja na ada ya asilimia 10.

Kuopoa ni kutoa kitu kilichozama, kiwe ndoo kisimani au mwili ziwani. Baada ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, walionusurika waliokolewa na miili iliopolewa. Kupishanisha maneno hayo katika habari ya msiba ni kosa linaloumiza, kwa sababu familia inayosubiri husoma kitenzi kabla ya kusoma jina.

Palipobaki

Muda uliopotea hufidiwa: mwalimu hufidia vipindi, refa hufidia dakika zilizopotea uwanjani. Baadhi husema "kulipa vipindi", na hoja yao ni nzuri, kwa kuwa kipindi hulipwa kwa kipindi kama saumu. Yote yanakubalika, ila shule ikitoa kitabu cha mazoezi badala ya kipindi, hapo ni kufidia tu.

Fadhila hulipwa au hurudishwa, sawasawa. Afya hairejeshwi na mgonjwa. Yeye hupona au hupata nafuu, na dawa ndiyo inayorejesha nguvu. Faili lililofutwa kwenye kompyuta hurejeshwa kama ni lilelile limepatikana. Kama umelazimika kuliandika upya, usiseme umelirejesha, kwa sababu mwenzako atategemea kila neno liwe palepale.

Bao la kusawazisha wengine huliita kurudisha, na Tanzania mashabiki watakuambia timu imechomoa. Mtangazaji anayesema timu "imefidia bao" ajue kwamba lile la kwanza bado liko kwenye ubao.